Dokta, nikatembee wapi?

Mama mmoja ninayemtibu presha, muuza vitenge wa miaka 58, aliniuliza swali mwezi uliopita ambalo sikuwa na jibu lake. Nilikuwa nimeshampima, mashine ilikuwa imeonyesha 158 kwa 96, nami nikaanza hotuba yangu ya siku zote: mama, punguza chumvi, usiruke dawa, fanya mazoezi, hata kutembea tu kunatosha. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Dokta mwanangu, mwaka wa tatu huu unaniambia nitembee. Nikatembee wapi?"

Nikacheka kidogo, nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Akaanza kunihesabia vidole. Barabara kubwa ina bodaboda na malori. Vichochoro vya mtaani kwake vina mitaro ya wazi na mbwa. Alfajiri kuna giza, na mwanamke peke yake hana amani. Jioni ndiyo kwanza anafunga biashara. "Na tena," akaongeza, "mtu mzima nikionekana napitapita tu bila kapu wala safari, watu watasema nimechanganyikiwa."

Mama huyu anaishi Morogoro, msomaji wangu. Mji ambao wenyewe tunauita kwa majivuno "mji kasoro bahari". Mji wenye Milima ya Uluguru inayoning'inia juu yake kama pazia la kijani, na mto unaoshuka kutoka milima hiyo ukakatiza katikati ya makazi hadi kuungana na Ngerengere, kisha Ruvu, kisha kuishia kwenye mabomba ya watu wa Dar es Salaam. Watu wanapanda treni ya umeme kutoka Dar tangu Juni 2024, chini ya saa mbili wapo hapa, wanakuja kupiga picha na kuvuta hewa ya mlimani. Na mwenyeji aliyezaliwa chini ya mlima huohuo ananiuliza atembee wapi.

Leo nataka kumjibu yeye, na wewe unayesoma ukiwa Iringa juu ya Ruaha Mdogo, au popote penye mto na mji mdogo ambao bado haujajaa kabisa.

Nianze na dawa yenyewe, maana tunaiagiza bila kuieleza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kiasi. Ukizigawa, ni kama nusu saa kwa siku, siku tano. Mwendo wa kiasi ni upi? Ule ambao unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba wimbo wa Mbaraka Mwinshehe mwanzo hadi mwisho bila kukata pumzi, bado unatalii; kaza mwendo. Ukishindwa hata kujibu salamu, punguza.

Mtu mwenye presha akitembea hivyo kwa miezi michache mfululizo, namba ya juu hushuka kwa wastani wa tano hadi nane. Hicho ni kiwango kinachokaribia kazi ya kidonge kimoja. Sijasema uache kidonge, tafadhali. Nimewapoteza wagonjwa walioacha dawa kwa sababu walianza kukimbia. Nasema kimoja kinamsaidia mwenzake. Kwa mwenye kisukari, msuli unaotembea huvuta sukari kutoka kwenye damu ukaitumia, ndiyo maana dakika 15 za kutembea baada ya chakula cha jioni zina faida kuliko kukaa kwenye kochi hadi taarifa ya habari iishe.

Sasa kuna jambo ambalo sisi madaktari tulichelewa kulizingatia: mahali unapotembea nako kuna uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha karibu watu 20,000 wa Uingereza, ulikuta kwamba waliokaa kwenye maeneo ya asili, yaani bustani, misitu, kando ya maji, kwa jumla ya saa mbili au zaidi kwa wiki, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema wana afya njema na wameridhika na maisha, kuliko wasiokwenda kabisa. Haikujalisha kama saa hizo zilikuwa za mkupuo mmoja au zimegawanywa. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowaponya. Huenda wenye afya ndio hutoka zaidi. Lakini unaendana na ninachokiona kwa watu wangu: anayetembea kando ya mto hurudi kesho, anayezunguka kiwanja cha vumbi kwa kulazimishwa na daktari huacha wiki ya pili.

Na watoto, msiwasahau. China, katika jiji la Guangzhou, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule kwa miaka mitatu. Katika kundi hilo, watoto 30 kati ya 100 walipata tatizo la kutoona mbali. Kwa wenzao ambao hawakuongezewa, walikuwa karibu 40. Ni mwanga wa jua tu, bila dawa wala mashine. Mzazi unayempa mtoto simu ili atulie ndani Jumamosi nzima, nakuomba uifikirie hiyo tofauti ya watoto kumi.

Nakiri kosa langu hapa. Miaka kadhaa iliyopita mama mwingine alinilitea kijana wake wa miaka 11, anakojoa damu mwishoni mwa mkojo. Kichocho. Alikuwa anaogelea na wenzake kwenye kidimbwi cha mto kila wakitoka shule. Tulimpa prazikwanteli, akapona. Mama akaniuliza, je, nimkataze mto kabisa? Nikasema, ndiyo, kabisa. Lilikuwa jibu rahisi, na nilikuwa na foleni mlangoni. Alipokuja tena baada ya mwaka na kitu, kijana alikuwa ameongezeka kilo nyingi, hachezi, hatoki, na yule mdogo wake alikuwa amekatazwa pia. Nilikuwa nimetibu kibofu nikawafungia watoto wawili ndani ya nyumba.

Ningepaswa kumweleza namna mto unavyofanya kazi. Yai la kichocho hutoka kwa mtu, kwa mkojo au kinyesi, likaingia majini. Likianguliwa, mnyoo mchanga hutafuta konokono wa maji baridi, hukua ndani yake kwa wiki kadhaa, kisha hutoka kwa maelfu na kuogelea kutafuta ngozi ya binadamu. Dakika chache zinatosha kupenya. Kujifuta na taulo haraka hakukuhakikishii usalama. Lakini konokono huyo ana tabia zake. Anapenda maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole, yenye majani na matope: vidimbwi vya pembeni, mifereji ya umwagiliaji, kingo za mabwawa. Maji ya kasi yanayoruka juu ya mawe huko mlimani hayampi pa kushika. Na wale minyoo hutoka zaidi jua linapowaka, hasa mchana, saa zilezile watoto wanapotoka shule na joto limewachosha.

Kwa hiyo jibu langu la leo ni hili. Kaa kando ya mto, tembea kando ya mto, kula chungwa lako juu ya jiwe, sikiliza maji. Hakuna anayepata kichocho kwa kutazama. Kuingia majini ni jambo jingine: usiingie wala usimwingize mtoto kwenye maji yaliyotuama, na hata yale ya kasi usiyachukulie kuwa na hati ya usalama, kwani juu yako kuna watu wanaoishi na kujisaidia. Kama mmeingia, subirini kama miezi miwili kisha mkapime. Mkojo wa kichocho cha kibofu upelekwe ule wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Ukipeleka wa alfajiri unaweza kuambiwa huna, kumbe unao.

Kwa wasichana naongeza neno, kwa sababu linafichwa na aibu. Kichocho huweza kukaa kwenye njia ya uzazi: maumivu, kutoka damu baada ya tendo, vidonda vinavyofanana na magonjwa ya zinaa, na kwa baadhi ugumba. Nimeona binti akitibiwa zinaa mara tatu, mume akimtuhumu, wakati chanzo kilikuwa mtaro aliokuwa akifulia nguo utotoni. Ukiwa na dalili hizo na ulikulia kando ya maji, mwambie daktari wako kwamba ulikulia kando ya maji. Sentensi hiyo moja inaweza kubadilisha matibabu yote.

Hatari nyingine ya mto wetu haiko kwenye maji unayoyaona, iko juu mlimani. Mvua inaweza kunyesha Uluguru ukiwa mjini umevaa miwani ya jua. Maji yakibadilika rangi ghafla, yakaanza kubeba majani na vijiti, sauti ikawa nzito, usisubiri kuchukua kandambili, panda juu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na vuli ikikolea, picnic ya kwenye mawe katikati ya mto ahirisheni. Hakuna mtoto wa chini ya miaka mitano anayeachwa karibu na maji akiangaliwa na mtoto mwenzake, hata kama yanamfika magotini. Kuzama hakuna kelele. Mtoto huteleza chini kimyakimya wakati watu wazima wanageuza nyama. Na ukishakunywa bia, mto si wako siku hiyo.

Mengine nitayapitia haraka. Mwenye kidonda asikanyage maji ya mtoni wala matope, kwa sababu ya homa inayotokana na mkojo wa panya, ileile iliyosikika Lindi mwaka 2022 ikaitwa homa ya mgunda. Maji ya kunywa beba ya kwako. Jua likizama mbu wa malaria wanaamka, basi geuza kabla ya giza au vaa mikono mirefu. Mwenye ualbino atoke asubuhi au jioni, kofia pana, nguo ndefu, mafuta ya kuzuia jua. Kutoka atoke, asifungiwe. Nyoka akimuuma mtu, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Tuliza mguu usitikisike, mpelekeni hospitali. Mwenye kisukari asitembee peku hata hatua kumi, na mfukoni awe na pipi au soda ndogo kama anatumia insulini. Na yeyote akisikia kifua kinabana au kizunguzungu anapopanda, akae chini, asimalize mlima kwa sababu ya wenzake.

Basi turudi kwa mama wa vitenge. Atembee wapi?

Nilikwenda kujionea mwenyewe. Sababu ya pili sikumwambia: siku ile alipotoka, nilijifunga kile kitambaa cha mashine mkononi mwangu. 142 kwa 92. Nina miaka 46, na nilikuwa sijatembea kwa starehe tangu nikiwa mwanafunzi.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilianza kupanda barabara inayotoka upande wa Boma kuelekea Morningside, ile nyumba ya zamani ya enzi za Wajerumani. Sikufika nyumbani hapo, na si lazima ufike. Nilipanda dakika 25, nikageuka. Njiani nilipishana na akina mama wa Kiluguru wakishuka na vikapu vya mboga, karoti na ndizi kwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu. Mmoja, umri wa mama yangu, nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaniitikia marahaba bila hata kupunguza mwendo, mzigo kichwani, nami nikiwa nimeshika kiuno na chupa ya maji mkononi. Akaniuliza nakwenda kwa nani huko juu. Nikamwambia siendi kwa mtu, natembea tu. Akanitazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Pole, mwanangu."

Kwa hiyo mama wa vitenge alisema kweli. Tumezoea kwamba miguu ni ya kazi. Anayetembea bila kapu ana jambo, au ana ugonjwa, au ni Mzungu. Nadhani hilo ndilo kubwa kuliko mitaro na mbwa, na halihitaji bajeti. Linahitaji tuonekane. Vikundi vya jogingi vimesaidia sana mijini, lakini vingi ni vya vijana, vina fulana na muziki wa nguvu, na mwanamke wa miaka 58 hajioni humo. Anahitaji wenzake watatu au wanne wa rika lake, kanga juu ya suruali kama anaona haya, viatu vya raba vya mtumba, na saa ya kukutana isiyobadilika. Wakiwa wanne giza la alfajiri linapungua ukali, na mbwa nao huwa na adabu. Jumapili baada ya ibada, badala ya kukaa kwenye viti vya plastiki hadi jioni, familia ipande kidogo mlimani na wali wake kwenye hotipoti. Anayetaka vilele vya Bondwa au Lupanga, hayo ni mambo ya kujiandaa: unaingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, ulipie kiingilio, uchukue mwongozaji, usiende peke yako. Kwa presha yako, nusu saa ya kwanza ya njia inatosha.

Lakini kuna sehemu ambayo mama wa vitenge na wenzake hawawezi kuimaliza wao, na hapa sitaki kuwa mpole. Nilipotoka mlimani nilishuka kufuata mto kuingia mjini, na jinsi nilivyoshuka ndivyo njia ilivyokuwa inakufa. Juu, maji meupe na mawe. Chini kidogo, bustani za mchicha zimelimwa hadi ukingoni. Kisha kuta za nyumba. Kisha taka, nepi, chupa, magunia, na mahali ambapo watu wanaosha pikipiki ndani ya maji. Mara mbili ilinibidi kurudi nyuma kwa sababu uzio umefika majini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hiyo kwa kawaida husomwa kama ya kulinda maji. Mimi naisoma kama daktari: mita 60 kila upande ni zahanati isiyo na foleni. Ikiachwa wazi, ikapandwa miti, ikakatwa kijia cha changarawe cha upana wa watu wawili, yakawekwa mapipa, vyoo viwili na taa chache, wagonjwa wangu wengi wa presha na sukari watakuwa na pa kwenda. Sizungumzii bustani yenye geti na kiingilio cha elfu tano. Zile zipo, ni nzuri, na wenye nazo waende. Nazungumzia njia ambayo muuza vitenge anaweza kuishika saa kumi na mbili asubuhi bila kumwomba mtu ruhusa. Na vyoo navitaja makusudi: penye choo, mayai ya kichocho hayafiki majini.

Najua jibu nitakalopewa, kwamba kuna mambo ya haraka zaidi: madawati, barabara, maji. Ninayaheshimu. Ila nami nipo upande ule mwingine wa mlango, ambako mgonjwa huletwa amepooza upande mmoja akiwa na miaka 50, na familia inauza kiwanja ili kumuuguza. Njia ya changarawe ni rahisi kuliko hilo. Mikutano ya mitaa ipo, madiwani wapo, na mpango wa matumizi ya ardhi wa mji hupitishwa na watu wenye majina. Ukihudhuria mkutano ujao wa mtaa wako, uliza swali moja: ukingo wa mto katika mtaa huu ni wa nani, na kwa nini hatuwezi kupita?

Mama wa vitenge alirudi kliniki wiki iliyopita. 146 kwa 88, bado si pazuri, dawa hatujagusa. Amepata wenzake watatu, wawili wauza vitenge na mmoja jirani yake mstaafu wa ualimu. Wanaanzia msikitini, wanapanda hadi penye mwembe mkubwa, wanageuka. Mimi nimekuwa nikitembea nao Jumamosi mbili sasa, na wananiacha nyuma kwenye kona ya mwisho. Alichokuja kunilalamikia safari hii ni kwamba yule mstaafu miguu inavimba jioni na hana viatu vya maana. Nimemwambia amlete Jumatatu nimpime moyo na figo kwanza. Viatu tutaangalia mtumbani pamoja.